Siku ya tatu, mugeni apewe jembe

Sisi wenye tulikulia Yahuma tunajua phonie. Ukitaka kuongea na ndugu yako wa Kisangani, unaenda kwenye nyumba ya phonie, unalipa, unakaa kwenye banki na kungoja zamu. Zamu ikifika unashika mikro, unapaza sauti, na watu wote wa banki wanasikia. Wale wa upande wa pili wanasikia pia, na kila kituo chenye kimefungua frekansi ile. "Mama anagonjwa, mutume feza." "Baba ya mutoto amekimbia." "Mukubwa wa masomo amekula prime ya walimu." Jioni, muji wote unajua. Hakuna mutu alituibia siri. Sisi wenyewe tuliitupa hewani, kwa sababu njia ilikuwa moja tu.

Leo simu imefika, hata kama si kila kijiji, na watu wanasema phonie imekufa. Sisi tunasema hapana, imebadilisha nguo tu. Ukifungua ukurasa wa intaneti, kampuni ya simu inaona unaenda wapi, na wenye ukurasa wanaona unatoka wapi. Kati ya 2020 na 2022 tulikatwa unite kwa ajili ya RAM, ile rejista ya kuandikisha kila simu. Feza ilileta kelele nyingi, na kelele ilikuwa na haki. Lakini wachache waliuliza swali lingine: hii orodha ya simu zetu itasomwa na nani? Banki ya phonie ingali pale. Ila siku hizi hatuwaone wenye wameikalia.

Tunaandika haya kwa sababu ya mualimu mumoja. Jina lake hatutasema, na kijiji chake hatutasema. Alipiga picha ya orodha ya mishahara yenye ilikuwa na majina ya watu waliokufa, akaitia kwenye grupu ya WhatsApp, na namba yake ilikuwa chini ya picha. Mbele ya jua kulala aliitwa. Kesho yake alipanda kinga na kuondoka, akaacha masomo na shamba. Alipofika kwetu Kisangani alituuliza: "Wayaya, njia ingine ilikuwa gani?" Tuliangaliana. Tuko watu sita, wote wa Yahuma, wawili wetu walisomea informatike, na hatukuwa na jibu.

Jibu moja liko, na linaitwa Tor. Utafiti wake ulianza katika maabara ya jeshi la maji la Marekani miaka ya 1990, programu ikatolewa kwa watu wote mwaka wa 2002, na tangu 2006 inaongozwa na shirika lisilo la faida. Leo waandishi, wanasheria, wanawake wanaokimbia bwana mukali, na watu wa inchi zenye kufunga intaneti wanaitumia. Na hapa Kisangani, wachache kati yetu wanaitumia pia. Wanafungua programu kwenye simu, wanasoma, wanafunga. Hawajiulize mashini gani zilibeba mizigo yao, wala nani alilipa umeme wake.

Wazee walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Sisi wa Tshopo tumekuwa wageni wa rezo hii kwa muda murefu. Siku ya tatu imefika. Lakini lazima tuseme pia jembe gani linafaa mikono gani, kwa sababu sisi wenyewe tulilishika vibaya, na tulijikata.

Kwanza tueleze namna inatumika. Sema uko Yahuma na unataka barua ifike Makiso bila mutu kujua imetoka kwako. Unaiweka ndani ya bahasha tatu. Ile ya inje unapatia mutu wa kinga mwenye anakujua, lakini juu yake kumeandikwa tu: "Fikisha kwa mupiga kasia fulani, kule mutoni." Mupiga kasia anafungua bahasha ya kwanza na anakuta ya pili: "Fikisha kwa toleka fulani, Kisangani." Toleka anafungua ile, anakuta ya tatu yenye adresi ya mwisho, na anapeleka. Mutu wa kinga anajua wewe lakini hajui barua inaenda wapi. Toleka anajua barua inaenda wapi lakini hajui wewe. Wa katikati hajui mwanzo wala mwisho. Tor inafanya vile na mashini tatu, na bahasha zake ni hesabu za siri. Njo maana inafananishwa na kitunguu: unatoa ganda, unakuta ganda.

Kila mashini ya kupokezana vile tunaiita rele. Rele si mali ya kampuni moja. Ni maelfu, na zinashikwa na watu wa kujitolea: mwanafunzi, mwalimu wa chuo kikuu, mama mwenye kompyuta nyumbani, shirika la haki za binadamu. Nyingi ziko Ujerumani, Marekani na Uholanzi. Za Afrika ni haba sana. Maana yake ni hii: siku wale wa kule wakichoka, sisi njo wa kwanza kurudi kwenye banki ya phonie.

Basi tulisema: sisi pia tutaweka rele. Tulichukua ordinateri ya zamani, tukaiweka Mangobo nyumbani kwa mumoja wetu, tukaunga ruta ya simu na kadi ya SIM, na tukafurahi. Haikutumika hata siku moja.

Pane ya kwanza ilikuwa umeme. Kila mutu wa Kisangani anajua namna barrage ya Tshopo inaugua. Rele yenye kuwaka saa mbili na kuzimika saa tano haimusaidii mutu. Mutu mwenye alikuwa anapitia kwake anakatwa katikati ya safari, kama pirogi yenye kutoboka mutoni.

Pane ya pili ilikuwa saa, na hii ilitushinda wiki nzima. Batri ndogo ya ndani ya ordinateri ilikuwa imekufa, basi kila umeme ukirudi, mashini ilifikiri tuko mwaka mwingine. Mumoja wetu akapanga saa kwa mukono, akafuata saa ya radio ya Kinshasa. Lakini mashini ilikuwa imeandikiwa saa ya Lubumbashi, yenye ni yetu pia. Kinshasa na sisi tunaachana saa moja. Tor haipendi hata kosa kama lile, sababu mashini zote zinapaswa kukubaliana juu ya wakati ili funguo zao ziaminike. Saa moja tu, na mulango ulibaki kufungwa. Dawa ilikuwa kuacha mashini ichukue saa yenyewe kwenye intaneti. Na wewe wa simu, ukiona Tor inakataa kuanza, mbele ya kulaumu rezo, angalia saa ya simu na eneo la saa.

Pane ya tatu haikuwa na dawa. Kampuni za simu hazipatie kila mutu adresi yake ya inje. Wateja wengi wanagawana adresi moja. Ni kama nyumba mia kutumia sanduku moja la posta: barua zako zinatoka, lakini mutu wa inje hawezi kugonga mulango wako. Na rele ni mulango wa kugongwa. Rejista ya mashini iliandika kila siku kwamba haifikiki kutoka inje, na sisi tulibadilisha namba za milango, tukazima ulinzi, tukawasha tena, bure. Watu wanatuuliza sasa kuhusu Starlink, yenye ilipata ruhusa ya ARPTC mwezi wa tano 2025. Ni vizuri kwa koneksio, lakini mutu wa kawaida akiiunga, naye kwa kawaida anagawana adresi na wengine. Tusidanganyane: rele ya kawaida inaomba adresi yake ya inje, umeme wa usiku na mchana, na njia ya megabiti 10 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Yahuma haina hiyo leo. Nyumba nyingi za Kisangani hazina pia.

Kisha tulichanga dola, kila mutu yake, na tukakodi mashini ndogo Ulaya. Hapo rele ilisimama. Lakini makosa hayakuisha, na tunayasema wazi ili mwingine asipotezee feza palepale.

Tulikosa uvumilivu. Siku za kwanza hakuna mutu alipitia kwetu, tukafikiri iko mu pane. Kila jioni tuliizima na kuiwasha. Kumbe rele mupya inapimwa kwanza. Inabaki siku karibu tatu bila kuaminiwa, halafu inapatiwa mizigo kidogokidogo. Ili iwe rele ya mulango wa kuingilia inaomba siku nane na zaidi, na hali yake inatulia kisha ya miezi miwili hivi. Kila mara tuliizima, tulikuwa tunang'oa muhogo kuangalia kama umeota.

Tulikosa kuweka mipaka. Mwenye mashini alitupatia kiasi fulani cha mizigo kwa mwezi. Rele ilikula yote mbele ya mwisho wa mwezi na tukafungiwa. Kumbe programu yenyewe iko na mahali pa kuandika: kwa mwezi usipite hapa.

Tulipoteza funguo. Tulipohamia mashini ingine tulinakili kila kitu isipokuwa faili ndogo za kitambulisho cha rele. Kwa rezo tukawa watoto wapya, na miezi yote ya kuaminiwa ikapotea. Mwenye ataweka rele, aweke nakala ya funguo zile mahali pa siri mbele ya kitu chote.

Na kosa kubwa kushinda yote: tulinakili mipangilio ya mutu mwingine bila kusoma, na rele yetu ikawa ya mwisho, ile ya toleka, yenye inagonga mulango wa dunia. Mutu mumoja asiyejulikana akafanya ujinga kupitia kwetu, na malalamiko yakafika kwa mwenye mashini, sababu adresi yenye ilionekana ilikuwa yetu. Alifunga kila kitu. Tulikasirika, lakini haki ilikuwa yake. Rele ya mwisho ni kazi ya mashirika yenye wanasheria na mwenye mashini aliyekubali tangu mwanzo. Rele ya katikati haina shida ile, na faida yake ni kubwa sawasawa.

Sasa kuna wenye wanatuambia: "Batu ya bwizi njo banapenda kujificha. Weye kama hauna makosa, unaogopa nini?" Hatuwacheke, sababu hapa Tshopo swali lile si la muchezo. Tangu 2023, katika vita ya ndugu kati ya Mbole na Lengola, tulizika watu, na Lubunga ilipokea wakimbizi. Wengi wetu tulipata kwenye simu audio za kuchoma roho. Mutu akituambia hataki chombo cha kumuficha mwenye kuwasha moto, tunamwelewa.

Lakini tuangalie vizuri. Zile audio tulizopata zilipita kwenye magrupu ya kawaida, na namba zilionekana. Kuonekana hakukuzizuia. Mwenye alikuwa anaogopa kuonekana alikuwa mutu mwingine: yule aliyetaka kuonya kijiji cha upande wa pili, na alijua ndugu zake watamwita musaliti. Mwizi iko na SIM ya mutu mwingine na simu ya kuiba. Yeye alishajificha bila Tor. Mutu wa haki njo anabaki uchi. Tena Konstitusio yetu ya 18 février 2006, katika musitari wa 31, inamupa kila mutu haki ya maisha yake binafsi na ya siri ya barua na mawasiliano yake, isipokuwa pale sheria imesema. Bahasha yenye kufungwa si makosa. Tuliifunga tangu zamani za posta, na hakuna padri wala administratere aliuliza tunaficha nini.

Tuangalie majirani pia. Tanzania, mwezi wa 12 mwaka wa 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, kisha akapelekwa mahakamani, na sehemu ya kesi ilikuwa kwamba alikataa kutoa habari za wenye waliandika kwake. Kesi zake zilichukua miaka. Pale, siri ya mamia ya watu ilikaa juu ya mabega ya mutu mumoja. Kama angechoka, wote wangeanguka. Rele za watu wengi ni njia ya kutomwekea mutu mumoja muzigo kama ule. Hakuna mumoja mwenye anajua yote, basi hakuna mumoja mwenye anaweza kulazimishwa kusema yote.

Tuseme pia mipaka, sababu mwenye kuuza dawa ya magonjwa yote ni muongo. Tor haimufiche mutu mwenye ametia sahihi. Mualimu wetu angeituma picha ile ile kupitia Tor, lakini kwenye grupu ile ile na namba ile ile, angekamatwa siku ile ile. Picha yenyewe inaweza kusema saa na simu. Na kama ni watu watatu tu wenye waliona orodha ile, hakuna hesabu ya siri yenye itazuia watu kukisia.

Tena rele haiwezi kitu siku Leta inakata intaneti yote. Tulikuwa hapa. Uchaguzi ulifanyika 30 décembre 2018, kesho yake intaneti ikakatwa, na ilirudi kisha ya siku karibu 20. Mwezi wa kwanza 2015 ilikuwa vile vile, na mwisho wa 2011 zilikatwa SMS. Siku kama zile, bahasha zako ziwe hata kumi, hakuna barabara. Rele zinasaidia siku zingine, na ni nyingi kupita: siku Leta inafunga mitandao fulani tu na kuacha barabara wazi, na siku zote za kawaida zenye mutu anataka kusoma na kusema bila banki ya phonie kumusikiliza.

Basi jembe gani kwa nani?

Kwa ndugu wa Yahuma: musijitese na rele. Mega ni ghali, na adresi hamuna. Jembe lenu ni kujua kuitumia. Wekeni programu mapema, siku ya amani, kutoka pahali pa kuaminika, si siku moto unawaka. Jifunzeni kuandika bila kutaja kile chenye mutu mumoja tu anajua.

Kwa Kisangani: watu watano au kumi wachangie mashini moja ya kukodi, iwe rele ya katikati, na mumoja aangalie rejista yake kila wiki. Wanafunzi wa informatike wa UNIKIS wanaweza kuchukua hii kama kazi ya mazoezi. Watajifunza saa, adresi, funguo na ulinzi wa mashini kushinda katika syllabus. Na shirika la wandishi wa habari linaweza kuomba mafunzo ya siku moja. Siku moja inatosha kuanza.

Kwa wandugu wa Bruxelles, Liège, Paris, na wote wenye muko na fibre nyumbani: jembe lenu ni jepesi kushinda yetu. Iko programu ndogo inaitwa Snowflake, unaitia ndani ya kivinjari cha ordinateri yako na unaiacha. Mutu wa inchi yenye kufunga Tor anapita kwako kufika kwenye rezo. Hauwi rele ya mwisho, adresi yako haionekane kwa ukurasa wenye anasoma, na inatumika hata kama unagawana adresi. Munatutumia feza ya hospitali na ya minerval, na tunawashukuru. Tumeni pia kipande cha koneksio yenye inalala usiku.

Na mwenye iko na uwezo zaidi, aweke daraja, ile rele ya kuingilia yenye haiko kwenye orodha ya watu wote. Lakini asitangaze adresi yake. Sisi tulifanya daraja moja, na kwa furaha mumoja wetu akaitupa adresi yake kwenye grupu ya watu 200 na zaidi. Mulango wa siri ulikuwa umekwisha mbele ya kupata mugeni wake wa kwanza.

Uchaguzi mwingine unangojewa 2028. Rele yenye itazaliwa wiki ya uchaguzi itakuwa ingali mutoto mwenye hakuna mutu anamubebesha muzigo. Yenye itazaliwa leo itakuwa imekomaa. Rele yetu ya sasa iko na miezi saba bila kuzimika. Si kitu kikubwa. Kati ya maelfu haionekane. Lakini usiku, tukifungua na kuona barua za watu tusiowajua zinapita, tunamukumbuka mualimu wetu. Anafundisha tena, mahali pengine. Alituomba tumuonyeshe namna ya kusoma rejista, na sasa zamu ya juma pili ni yake.